Maisha ya Daktari Adrien Atiman wa Karema

Tumezoea kusimulia habari za wamisionari wa kwanza kana kwamba walikuja peke yao, wakajenga peke yao, na kufa peke yao. Picha za kale nazo zatuzoesha hivyo: katikati ameketi padre mwenye ndevu ndefu na rozari shingoni, na nyuma yake wamesimama watu ambao hakuna aliyejali kuyaandika majina yao. Leo twapenda kumweleza msomaji habari za mmoja wa hao waliosimama nyuma. Jina lake halikupotea. Mjini Sumbawanga iko hospitali ya Kanisa iitwayo kwa jina lake, na huko Dar es Salaam iko nyumba ya mapadre iitwayo Atiman. Lakini tukiwauliza vijana wetu Atiman alikuwa nani, wengi watadhani alikuwa Mzungu, au tajiri fulani aliyetoa fedha za kujengea. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, daktari, katekista, mume na baba wa padre.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akapitishwa katika jangwa la Sahara, akauzwa Metlili, kusini ya Algeria. Mwaka 1876, naye akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alikombolewa kwa fedha na mapadre wa Mhashamu Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye mwaka 1868 alikuwa ameanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Sisi tumezoea kuwaita Mapadre Weupe, kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka huo huo wa 1876 mapadre watatu wa shirika hilo waliuawa jangwani walipokuwa wakijaribu kufika Timbuktu. Jangwa lililomleta mtoto kwa mapadre halikuwapa mapadre njia ya kwenda kwa wazazi wa mtoto.

Tumwache kijana huyo Algiers kwa kitambo, akisoma na kufundishwa dini, tuje huku kwetu katika njia ya misafara. Maana mambo yaliyotokea njiani Tabora ndiyo yaliyoamua maisha yake.

Mwezi Juni mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo. Wasomaji wetu wa Unyamwezi hawana haja ya kuelezwa msafara ni nini, kwani wazee wao ndio waliouchukua mabegani. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo thelathini hivi, juu yake akaongeza chungu chake, mkeka wake na chakula chake, akatembea kilometa zaidi ya 800 kutoka pwani hadi Tabora. Mizigo ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, maana huko bara hizo ndizo zilizokuwa fedha. Ugogo kila mtawala alidai hongo yake, na maji yalikuwa haba. Mapadre hawakuijua njia wala bei ya kitu cho chote. Mmoja wao, Padre Pascal, alikufa kwa ugonjwa mwezi Agosti, kabla hajaiona Tabora. Waliosalia walifika Tabora mwezi Septemba, na hapo wakaagana: wengine walishika njia ya kaskazini kwenda ziwa Nyanza na Uganda, wengine wakaelekea magharibi, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879.

Misafara iliyofuata ilipata hasara pia. Pamoja na mapadre walitumwa walei wenye silaha, wengi wao askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, ili wawalinde. Baadhi yao waliuawa na homa kabla ya kuona vita yo yote. Mwezi Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, mapadre wawili na mlei mmoja waliuawa kwa mishale na mikuki. Habari hizo zilipomfikia Lavigerie Algiers, alianza kuona jambo ambalo wapagazi wa Kinyamwezi wangaliweza kumwambia tangu siku ya kwanza: mgeni hawezi kukaa nchi asiyoijua kwa nguvu zake mwenyewe. Yuko wa kumwonyesha maji, yuko wa kumtibu, yuko wa kumsemea kwa mtawala. Asipokuwapo mtu huyo, mgeni hufa.

Basi Lavigerie akapata shauri. Wale vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wenye akili na afya, wafundishwe uganga wa kizungu. Kisha warudishwe Afrika si kama mapadre, bali kama walei wenye wake na watoto, wakaishi kama watu wa nchi wanavyoishi, wakiwatibu wagonjwa na kuwafundisha dini. Aliwaita madaktari makatekista. Mwaka 1881 alifungua nyumba kwa ajili yao katika kisiwa cha Malta, na Adrien Atiman alikuwa mmoja wa waliopelekwa. Alisoma huko hata mwaka 1888.

Sisi twaliona shauri hilo kuwa la busara kuliko mengi ya wakati ule, na pia kuwa shauri gumu kwa hao vijana wenyewe. La busara, kwa kuwa Lavigerie alifahamu maana ya ndoa katika nchi zetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; lakini hata akilima miaka kumi, kama hana mke hapo kijijini, bado ni mgeni. Aliyeoa ana wakwe na mashemeji. Ana mahali pa kulalamika na pa kulalamikiwa. Mtoto wake akizaliwa ana bibi wa kumwogesha. Padre hawezi kuupata undugu wa namna hiyo kwa sababu ya nadhiri zake. Katekista aweza. Lakini ni shauri gumu, kwa sababu kijana aliyekwisha kupoteza nchi yake mara moja aliombwa aende tena nchi ya ugenini. Mtu akisema kwamba Atiman alirudi kwao Afrika, achukue ramani. Kutoka Timbuktu hadi Karema, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 4,000. Ni mbali kuliko kutoka Karema hadi Cape Town. Katika nchi ya Tanganyika hakuna aliyeijua lugha ya mama yake, wala aliyepata kusikia jina la mji wake.

Alisafiri mwaka 1888, mwaka ule ule ambao Lavigerie, aliyekwisha kufanywa Kardinali, alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri juu ya biashara ya watumwa. Walipokuwa watu wa Paris na London wakisikiliza hotuba, huyu aliyekuwa mtumwa alikuwa safarini kuja huku. Kiongozi wa msafara alikuwa Mhashamu Bridoux, askofu mpya wa nchi za ziwa Tanganyika. Walipita Unguja, wakavuka kuja bara, wakashika njia ya Tabora.

Twaweza kuyafikiri mawazo ya kijana huyo njiani, ingawa hatutaki kumsemea. Njia ile haikupitisha pembe za ndovu na nguo tu. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, wakishuka pwani. Atiman, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili hivi, alikutana na utoto wake mwenyewe ukija mbele yake. Alipofika Kipalapala, karibu na Tabora, aliwakuta mapadre wakiwalea watoto waliokombolewa kama yeye.

Kutoka Tabora njia ya Karema inaiacha ile ya Ujiji, ikashuka kusini-magharibi katika misitu ya miombo na bonde la mto Ugalla, mahali pa mbung'o na kiu. Walifika Karema mwanzoni mwa mwaka 1889. Ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji waliofika huko mwaka 1879, nao wakawaachia mapadre mwaka 1885. Walikuwa wameijenga karibu na maji, lakini ziwa lilikuwa likirudi nyuma mwaka hata mwaka, ngome ikabaki kavu kilimani. Kandokando yake palikuwa na vijiji vya watu waliokombolewa, watoto yatima, na watu waliokimbilia hapo kwa kuogopa wawinda watumwa.

Sasa msomaji asidhani kwamba mgeni alikuwa amefika penye raha. Mwaka ule wa 1888 pwani ilikuwa imelipuka kwa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, na njia ya misafara ikawa hatari. Mwaka 1889 mapadre wa Kipalapala walilazimika kuondoka, kwa kuwa mtawala wa Unyanyembe, Isike, hakuwataka tena. Kwa hiyo ile njia iliyomleta Atiman ilifungwa nyuma yake. Dawa, barua na nguo, vyote vilikuwa vya kungojewa pasipo kujua mwezi wala mwaka wa kufika. Mhashamu Bridoux mwenyewe alifariki mwaka 1890, akiwa hajamaliza miaka miwili katika nchi yake mpya.

Tukumbuke pia kwamba daktari wa siku hizo hakujua mambo ambayo leo mtoto wa darasa la nne anayajua. Mdudu wa malaria alionwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880 na daktari Mfaransa, Laveran, akiwa kazini Constantine, katika nchi ile ile ya Algeria. Lakini kwamba ni mbu anayemchukua, hilo halikuthibitishwa hata mwaka 1897. Atiman alifika Karema akiwa na kwinini, visu vyake vya kupasulia, na elimu isiyokuwa na habari za mbu. Kwa vitu hivyo alipaswa kuwaweka hai mapadre, mabruda, yatima, na wote waliotoka vijijini wakiwa na buba, ndui na vidonda. Alipasua alipopaswa kupasua, wala hakuwa na mwenzi wa kushauriana naye katika safari ya siku nyingi pande zote.

Ndipo alipofanya jambo ambalo madaktari wengi wa wakati wake hawakulifanya. Alianza kujifunza dawa za miti na mizizi za watu wa nchi, akazichanganya na elimu yake ya Malta. Sisi twadhani kwamba kufungwa kwa njia kulimsaidia katika hilo: dawa za Ulaya zisipofika, mtu mwenye akili hutazama msitu. Lakini twadhani pia kwamba ilimpasa kwanza awe na watu wa kumwamini. Mganga wa kijiji hamwonyeshi mgeni mzizi wake.

Nao watu walimwamini kwa sababu alikuwa ameoa kwao. Mke wake, Agnes Wansahira, alikuwa wa ukoo wa watawala. Vitabu vinamtaja kwa mstari mmoja au miwili, kisha vyarudi kwa daktari. Hatuoni haki katika hilo. Kijana kutoka kando ya Niger, aliyelelewa na mapadre Algeria, aliyekuwa mtu mzima Malta, hakujua desturi moja ya ukweni. Ni nani aliyemfundisha jinsi ya kuamkia wazee wa pale, chakula gani hupewa mzazi, na ni mgonjwa gani ambaye ndugu zake hawataki aguswe? Kila mwanamke msomaji wa gazeti hili anajua jibu. Nyumba ya Agnes ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumpa Atiman ukoo tangu siku alipotekwa.

Ng'ambo ya ziwa alikuwako mlei mwingine ambaye maisha yake yanafanana na haya, Kapteni Joubert, askari Mfaransa aliyewalinda watu dhidi ya wafanya biashara wa watumwa. Yeye naye alioa mwaka 1888 binti wa nchi, ambaye pia aliitwa Agnes, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1927. Mmoja alikuwa Mzungu, mmoja Mwafrika wa mbali. Wote wawili waliwekwa na wakwe zao. Na tukitaka kuona njia nyingine ya kufanya makazi, tuwatazame majirani zetu Waprotestanti. Mwisho wa mwaka 1884 bwana Edward Hore, baharia wa misioni ya London, alimleta mkewe Annie na mtoto wao mdogo kutoka pwani hata Ujiji kwa siku tisini, mama yule akichukuliwa na wapagazi katika kiti. Ujasiri wa mama huyo twausifu. Lakini nyumba yao ilisimama juu ya mizigo iliyotoka pwani, na baada ya miaka michache familia iliondoka. Atiman alikaa miaka sitini na saba.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno ambalo huenda likawakera baadhi ya wasomaji. Atiman hakuwa padre, hakuwa bruda, wala hakuwa daktari wa serikali. Padre akizeeka, shirika humtunza. Mtumishi wa serikali hupewa haki yake. Katekista mwenye mke na mtoto hutegemea moyo wa misioni na wa Wakristu wenzake. Shauri la Lavigerie lilikuwa zuri, lakini lilihitaji mlango wa nyuma ambao haukujengwa imara: nyumba ya Malta ilifungwa baada ya miaka isiyozidi ishirini, na waliotoka huko wakadumu katika kazi Afrika ya Mashariki walikuwa wachache sana. Shule ikifa, na mzee akaendelea kufanya kazi peke yake hata umri wa miaka themanini, hiyo ni sifa yake, lakini kwa wengine ni deni. Tunamsifu katekista asiyechoka; mara chache tunauliza kwa nini hakuna aliyetumwa kumpokea mzigo. Parokia ambayo katekista wake anakwenda kwa baiskeli mbovu, naye akidai ada ya shule ya mtoto aambiwa asali, na isome habari hii polepole.

Miaka ilipita Karema. Wajerumani walimshinda Isike mwaka 1893. Mhashamu Lechaptois, aliyekuja kushika mahali pa Bridoux, aliifanya Karema kuwa makao yake, akalitawala Kanisa la pande zile hata kufa kwake mwaka 1917. Ugonjwa wa malale uliingia kandokando ya ziwa, vijiji vikahamishwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wakaweka mizigo chini, na njia ya misafara ikaota majani. Vita kuu ikaja. Septemba 1916 Wabelgiji waliitwaa Tabora. Mjerumani akaenda, Mwingereza akaja, na mwaka 1922 sheria ikakomesha utumwa katika Tanganyika. Mambo hayo yote yalimkuta Atiman katika zahanati yake. Wagonjwa aliowatibu utotoni walimletea wajukuu.

Mungu alimjalia mwana mmoja, Joseph. Mtoto huyu alisoma seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja takatifu ya upadre. Msomaji aitafakari siku hiyo upande wa baba na mama. Baba alinunuliwa sokoni kama mbuzi na wafanya biashara, kisha akanunuliwa tena na mapadre ili awe huru. Sasa mwanawe alisimama altareni, akiwa padre kama wale waliolipa fedha ile. Na Agnes, ambaye ukoo wake ulitazamia wajukuu, hakupata wajukuu. Wazazi wa mapadre wetu wanaielewa sadaka hiyo.

Sifa zilimfikia akiwa mzee. Kanisa lilimpa nishani, na serikali nazo zikampa zake. Mwaka 1946 jarida la Kiingereza la habari za Tanganyika lilichapisha maisha yake kama alivyoyaeleza mwenyewe, na kwa njia hiyo mengi ya hayo tuliyoyasema yamehifadhiwa. Twashukuru kwamba kuna aliyefikiri kumwuliza angali hai. Ni wangapi katika wapagazi wa Tabora, katika wake wa makatekista, katika watoto wa Kipalapala, walioulizwa?

Jambo moja la Tabora tusilisahau. Kipalapala, ambapo mapadre walihama mwaka 1889, hapakubaki mahame. Mwaka 1925 seminari kuu iliwekwa hapo, na kwa miaka mingi vijana wa majimbo mengi walisomea hapo upadre, pale pale Atiman alipopumzika katika safari yake kati ya yatima waliokombolewa.

Daktari Atiman alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, ikiwa imebaki miaka mitano tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Hakurudi kuishi Tundurma. Jimbo la Karema baadaye lilibadilishwa jina na makao, likawa Sumbawanga mwaka 1969, na tangu mwaka 2000 Karema yenyewe imo katika Jimbo la Mpanda. Anayetaka kwenda huko sasa hufuata barabara ya kutoka Tabora hadi Mpanda, akivuka bonde lile lile la Ugalla, kisha hushuka ziwani.